Klabu ya kijiji iliyoishinda Uingereza

SWALI: Ndugu Mhariri, mwalimu wetu wa michezo husema kwamba kriketi ilizaliwa katika kijiji cha Hambledon, na kwamba klabu ya kijiji hicho iliwahi kuishinda timu ya Uingereza nzima. Je, ni kweli? Na kama klabu hiyo ilikuwa na nguvu kiasi hicho, mbona siku hizi haisikiki? – Msomaji, Tanga.

JIBU: La kwanza si kweli, la pili ni kweli kabisa. Mwishoni mwa karne ya 16, katika shauri la ardhi mjini Guildford, shahidi John Derrick alieleza kwamba alipokuwa mwanafunzi alicheza kriketi kwenye kiwanja kilichokuwa kikigombaniwa. Hambledon, kijiji kilichoko Hampshire, kusini mwa Uingereza, kilipata sifa yake karne mbili baadaye.

Mechi anayoitaja mwalimu wako ilichezwa Juni 1777 mjini Sevenoaks. Uingereza ilipata mikimbio (yaani alama) 166 katika zamu ya kwanza ya kupiga na 69 katika ya pili, ilhali Hambledon ilipiga zamu moja tu na kupata 403, hivyo ikashinda kwa zamu nzima na mikimbio 168. James Aylward peke yake alipata 167, baada ya kuingia kupiga siku ya Jumatano jioni na kutolewa Ijumaa alasiri. Hata hivyo, usidhani kwamba hao walikuwa wakulima wa kijiji kimoja waliojikusanyia tu. Wachezaji walitoka pia maeneo ya jirani, walilipwa, na waliowalipa ni mabwana wenye vyeo na mashamba, ambao waliwekeana dau la mamia ya paundi. Wanakijiji waliobaki na kazi halisi ya klabu ni watu kama Richard Nyren, nahodha na mwenye nyumba ya wageni ya Bat and Ball, inayotazamana na uwanja wa Broadhalfpenny Down.

Kwa maoni yangu, ushindi ule si urithi mkubwa wa klabu hii. Urithi wake uko kwenye sheria. Mwaka 1771 mpinzani mmoja, White wa Reigate, alikuja na gongo la kupigia mpira lenye upana sawa na wiketi yenyewe, yaani vijiti ambavyo mrushaji hulenga kuviangusha ili kumtoa mpigaji. Hambledon ililalamika kwa maandishi, na upana wa gongo ukawekewa kikomo cha sentimita 10.8, ambacho hakijabadilika hadi leo. Kisa cha 1775 ni kizuri zaidi. Wakati huo wiketi ilikuwa na vijiti viwili tu vilivyosimama, na kimoja kifupi kilicholazwa juu yake. John Small, fundi viatu aliyetengeneza pia mipira, alikuwa mpigaji wa mwisho wa Hambledon na timu ilihitaji mikimbio 14. Mrushaji hodari wa upande wa pili, Lumpy Stevens, alimpita mara tatu, na mara zote tatu mpira ukapenya katikati ya vijiti bila kuangusha kitu. Small akaendelea kupiga hadi Hambledon ikashinda. Watu waliona kwamba mrushaji amedhulumiwa, na ndipo kijiti cha tatu kilipoanza kutumika.

Kuhusu kufifia kwake, sababu ni fedha. Mwaka 1787 iliundwa klabu ya kriketi ya MCC (Marylebone Cricket Club) jijini London, na mabwana wale wale waliokuwa wakisafiri hadi Hampshire wakaona ni rahisi zaidi kutazama mchezo na kuweka dau karibu na majumba yao ya mjini. Wachezaji bora waliifuata mishahara. Kufikia 1796, kumbukumbu za vikao zinaonyesha kwamba hakuna bwana aliyehudhuria, ingawa mwezi mmoja kabla karani, bila shaka kwa mzaha, alikuwa amemwandika miongoni mwa wageni mwanamapinduzi Thomas Paine, ambaye wakati huo alikuwa Ufaransa.

Kijiji bado kina klabu yake, inayoshiriki ligi za eneo hilo, na kriketi ingali inachezwa Broadhalfpenny Down, ambako jiwe la kumbukumbu lilisimamishwa mwaka 1908.