Glock au CZ: ninayoipenda siyo ninayoimiliki

Salaam wakuu. Mwenzetu wa Moshi anasema kibali chake cha kumiliki bastola kinakaribia kutoka, ana duka la vipuri na hufunga hesabu usiku, sasa anauliza achukue Glock au CZ, na kama Beretta nayo inafaa. Naona wengi wamemjibu kwa jina tupu: "Glock mkuu, funga mjadala." Mimi siufungi. Niko Arusha, leseni yangu ina mwaka wa kumi na nne, na yafuatayo ni niliyoyaona kwa mikono yangu.

Nianze na aibu. Bastola ya kwanza niliirithi kwa baba mdogo, kabastola ka risasi za milimita 7.65, chuma kitupu, kanaingia mfuko wa koti. Wala msidhani kurithi silaha ni kufungua droo ukajichukulia. Ilikwenda polisi kwanza, nami nikaanza maombi kwa jina langu mwenyewe, tangu serikali ya mtaa na kupanda ngazi moja moja. Kampuni iliyoitengeneza sitaitaja, maana kosa lilikuwa langu. Enzi hizo nilikuwa nashinda Mirerani nanunua mawe, na aliyefika kule analijua lile vumbi jeusi la kinywe (grafiti), linaingia hadi kwenye meno. Kwa ujuaji wangu nikawa naimiminia mafuta kama cherehani. Mafuta na vumbi vikakutana, vikawa uji.

Siku tuliyokwenda kulenga shabaha, risasi ya kwanza ikatoka vizuri. Ya pili ikakwama, nusu ndani nusu nje, slaidi, ile sehemu ya juu inayotembea, ikagoma kwenda mbele wala nyuma. Aliyekuwa anatusimamia, mzee mstaafu wa jeshi, akaichukua, akaifungua, akapitisha kidole ndani, kisha akanipaka ule weusi kwenye kiganja. "Hiki ndicho ulichokuwa unakitegemea kikuokoe?" Hakuongeza neno. Nilirudi mjini nimenyamaza kama niliyetoka msibani.

Risasi za 7.65 nazo zilinitesa. Za milimita 9 niliziona dukani mara kwa mara, za kwangu ilikuwa "njoo wiki ijayo". Hilo likanifundisha kuuliza risasi kabla ya bastola. Kwa hiyo mkuu, chochote utakachochukua, kiwe cha milimita 9, ile yenye ganda la urefu wa milimita 19 (9x19). Glock, CZ, Beretta, zote utazipata kwa kipimo hicho.

Nilipoiachia ile ya urithi nikachukua Glock 19, na ndiyo ninayo hadi leo. Historia yake inanichekesha kila nikiikumbuka. Gaston Glock wa Austria alikuwa anatengeneza fito za mapazia na visu, bastola hakuwahi kuunda hata moja. Jeshi la nchi yake lilipotaka bastola mpya akaingia kwenye mashindano, na mwaka 1982 Glock 17 ikachaguliwa. Fremu yake, yaani kiwiliwili chenye kitako, ni ya plastiki ngumu, na watu walimcheka kwa hilo. Hii 19 ni mdogo wake, ilitoka 1988, inabeba risasi 15.

Sababu zangu za kuichukua hazina mbwembwe. Ni nyepesi, gramu 600 na kidogo ikiwa tupu. Vipande vyake ni vichache, naifungua na kuirudishia wakati chai inapoa. Inataka mafuta kidogo tu, matone machache, na kwa mtu aliyekwisha kupika uji wa kinywe hiyo ni nafuu kubwa. Slaidi yake imetibiwa juu isishike kutu upesi. Hili watu wa Arusha tunalipuuza kwa sababu ya baridi yetu, lakini wewe uko Moshi. Shuka stendi saa saba mchana wa Februari halafu uniambie shati limeshikana na nini. Jasho lina chumvi, na bastola ya kiunoni inakunywa jasho siku nzima.

Sasa tabia yake moja ambayo wauzaji huipitia haraka. Glock haina ile sefti (kizuizi cha kupiga) ya pembeni ya kusukuma kwa kidole gumba. Sefti zake tatu ziko ndani na kwenye triga yenyewe, zinajifungua unapovuta. Ukivuta inapiga, basi. Kwa hiyo inataka ala ngumu inayofunika triga yote, siyo kuichomeka kwenye mkanda kama simu. Halafu ukitaka kuifungua kwa kusafisha lazima uvute triga kwanza, hivyo toa magazini (kisanduku cha risasi), vuta slaidi, tazama chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, ingiza na kidole uhakikishe. Namjua mtu, bastola yake ilikuwa ya aina nyingine kabisa, aliyetoboa kabati la nguo la mkewe kwa kuamini kwamba magazini ikishatoka bastola ni tupu, kumbe moja imebaki chemba. Risasi ilipitia vitenge saba. Vitenge ndivyo vilivyomgharimu zaidi.

Haya, CZ. Hapa ndipo moyo wangu ulipo, nakiri.

Rafiki yangu mmoja wa Kibosho, mtu wa kahawa, anamiliki CZ 75. Ni kazi ya ndugu wawili wa Czech, akina Koucký, na namba hiyo ni mwaka ilipotoka, 1975. Bastola nyingi slaidi yake hupanda juu ya reli za fremu kwa nje. Hii imegeuzwa, slaidi inatembea ndani ya fremu kama droo kwenye kabati. Matokeo yake slaidi imekaa chini, karibu na mkono, na unapopiga mdomo wa bastola haurukiruki. Ongeza na uzito wa chuma, kama kilo moja, teke lake linakuwa la mbuzi badala ya punda. Na kitako chake, sijui walimpima nani, kinaingia kwenye kiganja changu kama mpini wa jembe nililolizoea tangu utoto. Si bure kwamba viwanda vya nchi nyingine vimeiiga, Tanfoglio wa Italia wakiwemo.

Tukienda kwenye shabaha ananiachia nipige, yeye akiwa pembeni. Mita 15, kwa Glock yangu matundu yanajaa sahani ya wali. Kwa CZ yake yanajaa kisosi. Mkono ni ule ule, macho ni yale yale. Glock kitako chake kimelala kwa namna ambayo nikiinyanyua bila kufikiri mdomo unatazama juu kidogo, kila mara narekebisha. CZ nikiinyanyua imeshafika.

Mtaniuliza, sasa kwa nini hukununua CZ? Nilitaka, wakuu. Kabla ya kulipa nikafanya jaribio la kijinga. Nikachukua sukari kilo moja, nikaifunga kiunoni kwenye mkanda upande wa kulia, juu nikavaa shati la kuachia, nikashinda nayo siku nzima: kwenye gari, kwenye kiti cha ofisi, msibani Sakina, kupanda na kushuka ngazi. Kufikia saa tisa suruali inashuka, nyonga inawaka, na mama mmoja msibani kaniuliza kama nimefanyiwa operesheni. Na hiyo ni kilo tupu, risasi bado. Jioni nikawa nimeshapata jibu.

Hivyo swali langu kwako mwenye duka la vipuri ni hili: bastola itakaa wapi? Kama italala kwenye sefu dukani na kutoka siku za kulenga tu, chukua CZ, utanishukuru. Pia inakupa hiari: unaweza kuanza na nyundo (ile ya nyuma inayogonga) imelala, mvuto wa kwanza ukawa mrefu na mzito, na kuna mtu mwenye wasiwasi wa triga ambaye hilo linamtuliza. Ila ipanguse. Ya rafiki yangu ilianza madoa ya kutu kwenye kona kwa jasho lake mwenyewe, na uvivu wake mwenyewe. Kama utatembea nayo kutoka dukani hadi nyumbani kila usiku, basi Glock 19.

Beretta 92 nimeipiga mara mbili tu. Kampuni ni ya zamani ajabu, tangu 1526, na jeshi la Marekani liliichagua 1985. Sefti yake inalaza nyundo bila kupiga risasi, jambo zuri. Lakini kitako ni kinene, na mimi vidole vyangu ni vya kuchambua mawe. Kama una mkono wa fundi gereji, ishike kabla ya kuikataa.

Kuna aliyewacheka wazee wa Machame na rivolva zao za Smith & Wesson. Mkuu, taratibu. Risasi ni sita, ndiyo, na kujaza upya ni kazi. Lakini risasi ikigoma unavuta triga tena, silinda inazunguka, inakuja nyingine. Haina magazini ya kulegea springi wala slaidi ya kukwama. Mzee anayeigusa mara mbili kwa mwaka umpe nini kingine?

Tena usinunue kwa picha. Nenda dukani na karatasi zako, omba ushike zote tupu, funga macho, nyanyua, fungua macho uone zinatazama wapi. Itakayokuwa imelenga yenyewe hiyo ndiyo yako, hata kama jina lake halina sifa kijiweni.

Rafiki yangu wa Kibosho siku hizi analalamika mgongo, na juzi amenipigia akitania kwamba tubadilishane. Nimemwambia ajaribu na sukari kwanza.