Nyasi bandia uani: geuza zulia kwanza

Dada, umeuliza kama nyasi bandia zitafaa uani kwako Dar, juu ya sakafu ya zege, watoto wapate pa kuchezea. Zitafaa, ila usinunue kwa kutazama rangi. Dukani geuza zulia. Yale majani ni nyuzi za plastiki, mara nyingi polithini, zilizoshonwa kwa mashine kwenye kitambaa, kisha mgongo ukapakwa gundi ya lateksi au poliyurethani ili zisichomoke. Shika kishungi kimoja cha majani ukivute kwa nguvu; kikitoka, achana nalo. Angalia na matundu ya kupitishia maji. Yasipokuwepo, masika itakuachia dimbwi na harufu, hasa kama mnafuga paka.

Urefu wa majani wa milimita 30 hadi 35 unatosha. Zile chenga nyeusi za matairi zinazomwagwa katikati ya majani, waachie wenye viwanja vya mpira. Nyumbani nyunyiza mchanga mkavu wa silika, majani yatasimama. Zege nalo liwe na mteremko, maji yatiririke.

Na hili wauzaji wengi hawalisemi: jua la saa saba mchana, plastiki hiyo inachoma nyayo kwelikweli. Tundika turubai la kivuli, au mwagia maji kabla watoto hawajatoka.