Mwili umekaza na usingizi umepaa: mazoezi yatanisaidiaje?

SWALI: Shikamoo, mshauri. Mimi ni fundi cherehani mwenye umri wa miaka 43. Tangu mume wangu apunguzwe kazini, nashona kutwa nzima mpaka usiku ili tulipe mkopo wa kikoba. Shingo na mabega yamekaza, na usiku nashtuka saa tisa nikawaza madeni hadi adhana ya alfajiri. Hospitali walinipima presha na sukari, wakasema niko salama, ila nifanye mazoezi. Sikuelezwa ni yapi, nami naona haya kukimbia barabarani. Je, mazoezi yanaondoa mawazo?
Fundi, Tanga

JIBU: Marahaba, dada yangu, na pole sana. Mazoezi hayalipi mkopo, lakini hupunguza wasiwasi na huleta usingizi mzito zaidi, na hayo mawili ndiyo yatakayokupa nguvu ya kuukabili mkopo wenyewe.

Kukimbia si lazima. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunatosha: vaa raba na baibui lako, utembee nusu saa kwa siku tano, kwa mwendo unaokuwezesha kuzungumza lakini si kuimba. Ukikosa nusu saa nzima, igawe mara tatu. Shingo nayo inalalamika kwa sababu unainamia kitambaa kwa saa nyingi bila kupumzika. Kwa hiyo kila nusu saa inuka, zungusha mabega kuelekea nyuma, kisha simama na kukaa kitini mara kumi bila kujishika popote. Naliona hili la kuinuka kuwa muhimu kuliko yote, kwani matembezi ya asubuhi peke yake hayawezi kufidia siku nzima ya kukaa.

Kuhusu mawazo ya saa tisa, kuna mbinu zilizofundishwa wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini katika makazi ya Rhino, kaskazini mwa Uganda, kwa vipindi vitano tu vya sauti iliyorekodiwa. Wanawake 694 walishiriki katika utafiti huo, na miezi mitatu baadaye waliopata mafunzo walikuwa na msongo mdogo kuliko wenzao ambao hawakuyapata. Mbinu mojawapo ni kulitambua wazo na kulitaja, badala ya kupigana nalo: “Hili ni wazo la deni.” Ukishalitaja, kanyaga sakafu uisikie kwa nyayo, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, uitoe taratibu kwa hesabu ya sita, kisha sikiliza sauti zilizo karibu nawe. Usingizi usiporudi, toka kitandani ukae penye mwanga hafifu, bila simu, hadi macho yawe mazito.

Jioni, kabla ya kulala, keti na mume wako muandike madeni yote na hatua moja ya kesho, kwa mfano kuwaomba viongozi wa kikoba wawaongezee muda wa marejesho.

Ukisikia maumivu ya kifua unapotembea, simama na uende hospitali mara moja. Vilevile, huzuni ikikuandama karibu kila siku kwa wiki mbili, au ukiona heri kufa, mwambie mume wako siku hiyohiyo, akusindikize hospitali, na mkifika ombeni kumwona mhudumu wa afya ya akili.