Barua yenye ngao juu, tapeli chini

Maswali ya wiki hii yamegusa jambo moja: matangazo ya kuuza huduma yanayovalishwa sura ya nyaraka za Serikali.

Nina fremu ya vipodozi Sinza. Kijana wa bodaboda kaniachia bahasha ya kaki. Ndani kuna ngao ya Taifa, "Kumb. Na.", na "Yah: Notisi ya Mwisho". Natakiwa nitume 180,000 kwa namba ya simu, niingizwe kwenye daftari la wafanyabiashara. Nilipe?

Usilipe, dada. Malipo ya Serikali huja na kontroli namba ya tarakimu 12. Ukiiingiza, jina la taasisi hutokea kabla hujathibitisha. Jina la biashara husajiliwa BRELA, kodi ni TRA, leseni ya duka kama lako ni manispaa. Beba karatasi hiyo hadi kaunta ya Manispaa ya Ubungo uwaulize ana kwa ana.

Nasanifu na kuchapa Kariakoo. Mteja anataka barua ya namna hiyo, ila nyuma tutaandika kwa herufi ndogo kwamba ni kampuni binafsi. Kuna kosa?

Lipo, kaka. Ngao ya Taifa ina sheria yake, haitumiki kibiashara bila kibali. Hata ukiiondoa, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Halafu jiulize: kama huduma ya mteja wako ni nzuri, mbona hataki jina la kampuni yake likae juu, kwa herufi kubwa? Anachotaka umchapie ni hofu. Mtu aliye dukani peke yake, wateja watatu wanamsubiri, akisoma "Notisi ya Mwisho" hageuzi karatasi kutafuta maandishi madogo. Mama yangu mdogo alilipia cheti cha hivyo, akakitundika miaka miwili kando ya leseni yake halali. Siku alipoambiwa hakina kazi, fedha hakuitaja hata kidogo. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa akiwaonyesha wenzake kwa fahari, na wawili wakalipa kwa kumwamini yeye. Kazi hiyo ikatae.

Kuna nchi iliyopiga marufuku barua hizi?

Marekani, kwa sheria ya 1990, tangazo la biashara linalofanana na waraka wa Serikali lazima liseme wazi, juu ya bahasha na ndani, kwamba halitoki serikalini. Lisiposema, posta hailifikishi. Tangu Aprili 2024 wana pia kanuni inayokataza kabisa kujifanya Serikali au kampuni ya mtu mwingine.

Kwetu kuibana posta hakutoshi, maana bahasha huletwa mkononi au huingia WhatsApp. Tukitunga kifungu chetu cha sheria, kimbane aliyeitoa na anayepokea pesa, ipite njia yoyote. Na kipime macho ya kwanza: mtu wa kawaida akiitazama na kuamini ni ya Serikali, basi ni kosa, hata nyuma kuandikwe nini. Bila hilo, herufi ndogo zitabaki kuwa kinga yao.

Nimeshatuma pesa jana usiku. Nifanyeje?

Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma hapa. Kisha nenda polisi ukafungue jalada upewe RB, yaani namba ya taarifa yako, na namba ya tapeli itume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Ujumbe wa muamala usiufute. Bahasha nayo usiichane kwa hasira; ndiyo ushahidi wako.