Protini za DNA ya bakteria: anza na Shigella, majina yatajileta

Wadogo zangu mnaosoma maikrobaiolojia hapa Dar, kila ikikaribia yuee (mtihani wa mwisho wa muhula) napata meseji ileile, "kaka hizi HU, Fis, IHF, H-NS, Dps nazishikaje?" Hizo ni protini zinazoikalia DNA ya bakteria na kuipanga. Jibu langu ni moja, usizikariri kama orodha, chukua bakteria mmoja umfuatilie mpaka mwisho. Mimi nawaanzishia na Shigella, yule wa kuhara damu.

Chukua karatasi, chora mstari wa DNA mbele ya jeni inayoitwa virF, ndiyo inayowasha jeni zingine za kushambulia utumbo. Weka sehemu mbili anapokaa H-NS, halafu katikati yake chora mkunjo. H-NS ni kiprotini kidogo tu, amino asidi 137, kinapenda DNA yenye herufi A na T nyingi, na vikikaa pande zote mbili vinashikana, DNA inajikunja kitanzi na mashine ya kunakili jeni haipati pa kufanyia kazi. Ndo maana bakteria akiwa kwenye ndoo ya maji virF imezimwa, maana maji yale hata kwa joto letu hili hayafiki nyuzi joto 37 za mwili wa mtu. Sasa akishamezwa akafika tumboni kwa mtu, joto linapanda, ule mkunjo unalegea, H-NS inaachia, virF inawaka. Yaani joto lenyewe linasomwa na umbo la DNA! Hapa napenda mwanafunzi atulie kabisa, asikimbilie ukurasa unaofuata.

Ukishaelewa hapo wengine wanaingia wenyewe kwenye mchoro. Fis inagombania nafasi na H-NS palepale virF, na yenyewe inajaa pale seli inapopata chakula na kuanza kukua kasi, seli ikisimama kukua Fis inapotea na Dps ndo inajaa, inalinda DNA wakati wa njaa. IHF inapinda DNA karibu nyuzi 160, karibu igeuke irudi ilikotoka.

Kwa hiyo kwa kila protini jiulize imekaa wapi, inajaa lini, na nini kinaiondoa, basi. Ukimaliza Shigella nenda kwa bakteria wa kipindupindu, kule H-NS imezikalia jeni za sumu na ToxT, protini inayowasha jeni hizo, ndo inakuja kuiondoa, chora mwenyewe kwanza kabla hujafungua noti.