Maswali ya Wachoraji: Kumhamishia Shujaa wa Katuni kwenye Manga ya Wasichana

*Hujambo mhariri. Shujaa wangu ni msichana anayesimamisha magari kwa mikono. Kwanza nilimchora kama mashujaa wa katuni za Marekani. Sasa namtaka kwa mtindo wa shojo, manga ya wasichana ya Japani. Nimeyakuza macho yake na kumzungushia maua, lakini bado ni yule yule wa zamani. Nimekosea wapi?* – Msomaji, Kayole

Umeanzia usoni, na kazi yenyewe iko kwenye ukurasa. Katuni za mashujaa za Marekani hupanga fremu ili tendo lionekane: nani amepiga, nani ameanguka. Shojo hufuata moyo wa mhusika, na tendo linaweza kumalizwa kwa fremu moja. Weka kando mchoro wako safi, chukua karatasi yoyote, uchore onyesho upya kwa vijipicha vidogo, kurasa mbili zinazotazamana kwa pamoja.

Tuseme matatu imekatika breki na inateremka kuelekea stejini. Kwa mtindo wa Marekani utapata fremu tano au sita: matatu inakuja, watu wanatawanyika, msichana anaruka, mikono inagonga boneti, lami inapasuka. Kwenye shojo, matatu yenyewe ipe fremu mbili tu. Zinazobaki zipe vidole vyake kabla havijagusa chuma, kope zinavyofumba, na makanga aliye mlangoni akigundua kwamba anayemwona mbele ni mwanafunzi mwenzake wa zamani. Kisha msimamishe shujaa mzima, kichwa hadi viatu, pembeni mwa ukurasa, bila fremu, akizipita safu zote tatu za fremu. Umbo hilo la mwili mzima lilienezwa na Macoto Takahashi miaka ya 1950. Miaka ya 1970 Moto Hagio, Keiko Takemiya na Yumiko Oshima walikwenda mbali zaidi: fremu zikapandana, nyingine zikapoteza kingo, na mawazo ya mhusika yakatoka kwenye viputo vya maneno yakaelea kwenye nafasi nyeupe.

Nafasi hiyo nyeupe ndiyo wachoraji waliotoka katuni za Marekani huiogopa. Wamezoea kujaza wino mzito chini ya kidevu, kwenye misuli, nyuma ya mgongo. Ondoa karibu weusi wote huo. Misuli ya mkono ibaki na mstari mmoja wa nje, mabega yapungue upana, shingo irefuke kidogo. Urefu wa mwili, ukiupima kwa urefu wa kichwa, unaweza kubaki vichwa saba na nusu au vinane, kwa maana shojo nayo hupenda watu warefu. Koti la kishujaa likikaa gumu, mpe leso. Kitambaa chepesi huonyesha upepo na hofu hata mhusika akiwa hajasogea.

Sasa ndipo uje kwenye macho. Mstari wa kope za juu uwe mnene, wa chini uwe mwembamba na usifike pembe zote mbili. Mboni iwe nyeusi juu na ififie kuelekea chini. Acha mng'ao mkubwa upande mwanga unakotoka, na mwingine mdogo upande wa pili chini. Kosa la kawaida ni mng'ao uleule kwa kila mtu na kila fremu. Anayekata tamaa hupunguziwa mng'ao, na msomaji anaelewa bila kuambiwa.

Maua vilevile. Ukiyatia kila fremu yanageuka pazia. Mchagulie kila mhusika ua lake, mathalani jakaranda kwa shujaa wako, na uliweke pale tu hisia inapobadilika.

Jambo moja zaidi. Viputo vya manga ni virefu na vyembamba kwa sababu Kijapani huandikwa toka juu kwenda chini. Ukiviiga, neno kama "hawatanisamehe" litakatika vipande vitatu. Andika maneno kwanza, kisha chora kiputo kipana kuyazunguka.

*Wahusika wangu ni weusi. Nikiwawekea toni, zile nukta ndogo za kutia kijivu, uso unazama, nisipoweka wanaonekana weupe. Nifanyeje?* – Msomaji, South B

Tumia toni ya asilimia 20 kwa ngozi, halafu ifute mahali mwanga unapogonga: paji la uso, daraja la pua, juu ya shavu, mdomo wa chini. Weupe wa jicho ubaki weupe wa karatasi kabisa. Uso huzama pale ngozi na nguo zinapopata toni moja, kwa hiyo nguo iwe asilimia 5 au nyeusi tupu, isiwe ya katikati. Mandhari yakiwa meusi, acha mstari mweupe wa nusu milimita kuzunguka kichwa.

Kwa kivuli cha shingo, toni ya pili iwe na idadi ileile ya mistari ya nukta kwa inchi na pembe ileile, nyuzi 45. Zikitofautiana, zinazaa michirizi isiyotakiwa. Nywele za afro usizijaze wino zote: acha mwezi mwandamo wa mwanga juu, na ukingo uuchore kwa vikunjo vidogo vya nibu nyembamba.

*Kwenye kompyuta ukurasa ni safi. Ukichapwa mjini, toni zinatoka na miraba miraba. Shida ni printa?* – Msomaji, Umoja

Mara nyingi shida ni faili. Toni ni nukta. Ukipunguza picha baada ya kuiweka toni, kingo za nukta zinageuka kijivu, na printa ya leza, ambayo nayo hutengeneza kijivu kwa nukta zake, inazichapa upya juu ya zako. Mpangilio wa pili ukigongana na wa kwanza, unapata hiyo miraba.

Anza na ukubwa wa mwisho. Kwa kitabu cha A5 chenye milimita 3 za kukatwa kila upande, fungua ukurasa wa pikseli 3638 kwa 5102, nukta 600 kwa inchi. Toni za mistari 60 ni nzuri kwenye mashine bora, lakini kwa fotokopi ya kawaida ya River Road shuka hadi 50 au chini kidogo, na usipite asilimia 40, kwa sababu nukta zinashikana na kuwa doa. Hifadhi kama PNG au TIFF ya nyeusi na nyeupe tupu, kamwe si JPEG.

Na usitume kama picha ya WhatsApp. Itabanwa na kazi yote itaharibika. Itume kama hati, au ibebe kwa flashi. Mwambie mhudumu achape kwa asilimia 100, mashine isipunguze ukurasa uenee karatasini. Idadi ya kurasa igawanyike kwa nne, la sivyo utabaki na kurasa tupu ukishapiga stepla.

*Nisomeshe kutoka kulia kama Wajapani? Na naweza kuuza michoro ya mashujaa maarufu?* – Msomaji, Rongai

Kiswahili husomwa kutoka kushoto, kwa hiyo panga fremu kutoka kushoto. Ukigeuza, viputo vitasomwa jibu kabla ya swali.

Kuchora mashujaa maarufu kwa kujizoeza mkono ni mazoezi mazuri sana. Kuuza ni suala jingine: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa mwenye kazi haki ya kuamua nani ainakili au kuibadilisha, na kumbadilisha shujaa kuwa shojo hakumfanyi awe wako. Cha kuuza kiwe na shujaa wako mwenyewe, jina lake na vazi lake.