Lazy Bones!! si albamu ya kwanza ya WITCH

Hapana, ndugu unayesema kwamba WITCH, bendi ya roki ya Zambia, ilianza na Lazy Bones!!: albamu hiyo ilitoka mwaka 1975, baada ya Introduction na In the Past, ingawa ndiyo ninayompa mtu anayedhani kwamba roki nzito haikuwahi kupigwa karibu na Lubumbashi. Wapigaji wale walikuwa vijana wa Copperbelt, mkoa wa migodi ya shaba wa Zambia, ng'ambo tu ya mpaka wa Kasumbalesa, nami nilizifahamu santuri zao kupitia mjomba aliyekuwa akienda Kitwe kwa biashara na kurudi nazo amezifungia ndani ya vitenge zisivunjike. Albamu iliyosahaulika zaidi, kwa maoni yangu, ni Africa ya Amanaz, bendi nyingine ya Zambia, ya mwaka huohuo wa 1975: nyimbo nyingi ni za Kiingereza, chache za lugha za Zambia, na katika History of Man gitaa linakwaruza kama msumeno uliokutana na msumari. Angalieni tu kwamba toleo lililorudishwa sokoni lina michanganyo miwili ya sauti, mmoja mkavu na mwingine wenye mwangwi mwingi, kwa hiyo wawili wanaweza kubishana juu ya albamu moja na wote wakawa sahihi. Mimi nashikilia ule wa mwangwi.